Darasa la Viziwi Lililosikia

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya elimu pale Kericho, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Afisa wa Elimu wa Wilaya alinikabidhi fomu za ukaguzi na kuniambia, "Madam, kazi yako ni kuinua viwango vya vitengo vya walemavu. Si kutafuta makosa." Nikajiuliza, mbona ananionya kabla sijaanza?

Vitengo ni madarasa maalum yaliyo ndani ya shule za kawaida. Bomet ilikuwa bado chini ya Kericho, kwa hivyo nilizunguka kote huko nikikagua rejista, nikijaribu vifaa vya kusikia, nikimwangalia kila mtoto akisoma. Kitengo kimoja cha viziwi, mbele ya mji mdogo wa Silibwet, kilikuwa na ripoti nzuri mno. Hakuna mtoto aliyekosa hata siku moja, hata msimu wa mvua. Niliisoma mara mbili, kisha nikaenda mwenyewe.

Mwalimu Mkuu alinipokea kwa chai na mandazi. Darasani, watoto kumi na wawili walitazama midomo ya mwalimu wao na kurudia maneno. Walitamka kama watangazaji wa redio. Nilikuwa nimefundisha viziwi miaka minane. Mtoto aliyezaliwa hasikii hatamki hivyo. Nikasogea nyuma yao, nikasema kwa sauti ya chini, "Nyoka chini ya dawati."

Wote waliruka juu ya madawati.

"Viziwi wenyewe wako wapi?" niliuliza.

Mwalimu Mkuu alitazama sakafu. "Madam, wale wetu hawatamki vizuri. Ungetuandika vibaya, kitengo kifungwe."

Viziwi wote kumi na wawili walikuwa shambani kwake, wakichuma majani chai. Msichana mmoja, Chelangat, aliponiona alificha mikono mgongoni. Nilielewa: amezoea kuchapwa akiongea kwa ishara. Nilimsalimia kwa mikono yangu. Aliendelea kuificha yake.

Afisa wa Elimu aliisoma ripoti yangu akiwa amesimama. "Andika upya," alisema. "Kitengo kikifungwa, hao watoto utawapeleka wapi?"

Nilidhani anamkinga Mwalimu Mkuu. Nikaituma kwa Mkaguzi wa Mkoa. Mwalimu Mkuu alihamishwa, na kitengo kikafungwa muhula mzima. Kilipofunguliwa na mwalimu mwingine, watoto wanane walirudi. Chelangat hakurudi.

Nilimfuata kwao. Mama yake alinizuia langoni.

"Ni wewe ulifunga shule?"

"Mama, nilikuwa nawatetea."

"Sasa umekuja kutafuta nini tena?"

Nikamtaja Chelangat. Mama akaniambia ameshaolewa.

Nimestaafu sasa. Ripoti ile ningeiandika tena, kila neno. Lakini swali la Afisa lilikuwa swali la haki, hata kama lilitoka kwa mtu niliyemshuku, nami nilikataa kulisikia. Ningetafuta kwanza shule ya kuwapokea wale kumi na wawili, ndipo niipige muhuri ripoti.