Kaseti ya Phinées

Mathe alipiga video za harusi pale Bulengera tangu kabla waasi hawajaishika Butembo, na kamera yake ilikwisha kuona mabibi harusi wengi wakilia kuliko padri yeyote. Mwaka wa 2001 hakupiga harusi hata moja. Alimpiga video Phinées, fundi cherehani, akikonda siku hata siku. Majirani walimwita mwenzake wa chumba. Wao wawili walijua walichokuwa, na walikijua kwa miaka saba.

Phinées alipokufa, kaka yake Zacharie alitangaza kwamba ni karuho, sumu ya kutiliwa kinywajini. Ati sumu ina heshima kuliko SIDA, huo ukimwi! Lakini sumu hutafutiwa mwenyewe, na wakamnyooshea kidole mama Tamar, mjane aliyepika kasikisi, pombe ya ndizi aliyoipenda marehemu. Kwa desturi anayetoa kikombe hukionja kwanza. Siku ya mwisho alipompa, wakasema, hakuonja. Vijana wakaapa kwamba matanga yakiisha watamchomea nyumba, naye akiwa ndani. Nani angewazuia? Askari walikuwa na vita vyao.

Mchana wa kumaliza matanga, mama Tamar aliletwa akae peke yake karibu na lango, watu wamwone. Zacharie akawasha jenereta na televisheni uani, akamtaka Mathe aonyeshe kaseti ya marehemu akicheza harusini. Mathe aliogopa. Ila hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga. Akatia kaseti nyingine.

Phinées akatokea, mifupa mitupu ndani ya shati la kijani alilojishonea, anacheka. "Hakuna mutu alinipatia karuho," akasema. "Niko na SIDA. Mama Tamar ndiye alikuwa ananiletea uji. Batu ya kwetu hata ku mulango habakufika. Na huyu mwenye kushika kamera ni mutu wangu. Donc, basi, muache kudanganya."

"Zima iyo," Zacharie akasema.

"Hapana, yaya, kaka yetu." Mathe alikwisha kusimama kati yake na jenereta. "Muache amalize. Ile maneno ilimumalizia pumzi."

Wengine walitema mate, wakaondoka, baadhi wakiishia langoni. Vijana walioapa walitazama miguu yao. Ndipo mama Tamar alipoinuka, akaja na kikombe cha kasikisi hadi kwa Mathe. Akakiinua aonje kwanza, ndiyo desturi. Mathe akakichukua kabla hakijafika mdomoni mwa mama huyo, akanywa nusu, watu wote wakimwona.

"Mama, usikunywe nyuma yake, atakupatia SIDA," mtu mmoja akaonya.

Mama Tamar akamtazama huyo mtu, akanywa nusu iliyobaki, akapangusa mdomo kwa kitenge.

"Mathe," akasema, "rudisha kaseti ku mwanzo. Bale ba ku mulango habakusikia muzuri."