Mpishi wa Pili wa Shule ya Viziwi

Kwa zaidi ya miaka minne nilifundisha katika shule moja ya watoto viziwi mjini Mbarara huku nikiwa nimeandikwa mpishi. Sikumdanganya mtu. Mwalimu mkuu alijua, walimu wenzangu wawili walijua, na mpishi mwenyewe, mama mmoja Mnyankore mwenye mikono mikubwa na maneno mengi, alijua kuliko wote, maana ndiye aliyebaki na masufuria peke yake kila asubuhi nilipoingia darasani.

Mimi ni mtu wa Kivu Kusini. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa hasikii, na baba alimpeleka kwenye shule ya masista iliyokuwa na darasa la watoto kama yeye. Nilipomaliza chuo cha ualimu, masista waliniita nifundishe pale pale, kwa sababu nilikuwa tayari nazungumza kwa mikono tangu utoto. Nilifundisha miaka minne. Vita vilipotufikia tulitoka na tulichovaa, na diploma yangu ikabaki kabatini katika nyumba ambayo baadaye tuliambiwa imechomwa. Baba alikuwa ameshafariki. Tulifika Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, watu watatu: mama, mdogo wangu na mimi. Tukapewa kiwanja na kipande cha shamba, tukaanza kulima mahindi na maharage.

Jumapili kanisani nilikuwa nasimama pembeni na kumwambia mdogo wangu kwa ishara alichokuwa anasema mchungaji. Watu walidhani nacheza, mpaka mama mmoja akanifuata baada ya ibada akaniambia nyumbani kwake ana mtoto asiyesikia. Wiki iliyofuata alikuja na mtoto huyo, na mama mwingine akaja na wawili. Mchungaji akaturuhusu kutumia kanisa siku za kazi. Mwaka wa pili nilikuwa na watoto kumi na mmoja na ubao mmoja wa mbao za masanduku.

Huko ndiko mwalimu mkuu wa ile shule ya Mbarara alikonikuta. Alikuwa amekuja Nakivale kutafuta watoto viziwi waliofichwa majumbani. Alisimama mlangoni mpaka somo likaisha, kisha akaniuliza nimejifunza wapi. Tulizungumza Kiswahili, chake kikiwa cha sokoni na changu cha Kongo, na tulielewana. Aliniambia shida yake. Kila shule ilikuwa na ikama, yaani idadi ya walimu inayoruhusiwa kulipwa na serikali, na ya kwake ilikuwa imepangwa kwa hesabu ya shule za kawaida. Alikuwa na watoto thelathini na wanne. Kwenye shule ya kawaida hao hawajazi hata darasa moja, kwa hiyo ofisini walimwona ana bahati kupewa walimu wawili. Hakuna aliyejali kwamba watoto hao walikuwa wa madarasa matano tofauti, na kwamba mtoto kiziwi huwezi kumfundisha umempa mgongo ukiandika ubaoni.

Alinitaka, lakini alinieleza wazi kwamba hawezi kuniandika mwalimu. Sikuwa na cheti, na hata ningekuwa nacho, kilikuwa cha nchi nyingine. Kamati ya wazazi ilikuwa imemruhusu kuajiri mpishi wa pili. Akaniambia, "Nitakuandika mpishi. Asubuhi utakuwa darasani, mchana utasaidia jikoni."

Nilikubali siku hiyo hiyo. Mama hakufurahi. Alikuwa anapepeta maharage, akaendelea kupepeta bila kuniangalia. "Unaenda kufundisha batoto ba batu na kuandikwa mupishi," alisema. "Hiyo ni kazi ya namna gani?" Lakini aliniruhusu. Watoto wangu wa kanisani, wanne wakubwa tulikwenda nao Mbarara, na waliobaki mdogo wangu akawa anawakusanya mwenyewe.

Miezi ya kwanza mimi ndiye niliyefundishwa. Ishara zangu za kwetu hazikuwa zote za Uganda. Ishara niliyoijua kuwa mkate wao waliiona panga, na siku niliyowaambia kwamba saa nne kila mtoto atapewa panga walicheka mpaka wengine wakalala chini. Nilikuwa na daftari dogo ambamo nilichora mkono kila nilipopata neno jipya. Ilipofika likizo ya kwanza nilikuwa nimelijaza.

Mmoja wa wale walimu wawili alikuwa mwanamume aliyesomea elimu maalumu. Alikuwa hodari, na watoto walimpenda. Aliondoka mwaka wangu wa tatu. Katika shule yetu kulikuwa na cheo cha mwalimu mkuu, na chini yake walimu wa daraja la chini kabisa, basi. Hapakuwa na ngazi katikati. "Nikikaa hapa nitastaafu mahali pale pale nilipoanzia," aliniambia, na akanionyesha barua ya kumfanya naibu mwalimu mkuu katika shule ya kawaida upande wa Ibanda. Alikuwa na watoto wa kusomesha. Hatukumlaumu. Madarasa yake mawili nikayachukua mimi, juu ya lile nililokuwa nalo, yote katika chumba kimoja. Kila kundi nililikalisha likitazama ukuta wake, nikawa nazunguka.

Nafasi yake haikujazwa mwaka huo, wala uliofuata.

Katika darasa langu alikuwamo binti wa sajini mmoja wa kambi ya jeshi. Alikuwa na miaka tisa alipoletwa, na hakuwa na lugha yoyote isipokuwa kunyoosha kidole na kulia. Baba yake alikuja siku moja ya wazazi kutembelea watoto. Alipokuwa anasaini kitabu cha wageni ofisini, akasoma orodha ya wafanyakazi iliyobandikwa ukutani. Kisha akanifuata jikoni, nikiwa nimefunga kanga kiunoni nasonga posho, ugali wa huko.

"Wewe mama, cheo yako hapa ni gani?"

Nikamwambia ni mpishi wa pili.

"Na mutoto yangu, nani anafundisha yeye?"

"Ni mimi, Afande."

Aliangalia mwiko mkononi mwangu. Mpishi mwenzangu, ambaye kwa kawaida hakukosa neno, aliinama akachochea kuni. "Mimi nilileta mutoto kwa mwalimu," sajini akasema taratibu. "Hapana kwa mupishi."

Ningeweza kumwambia habari za masista na diploma iliyoungua. Sikumwambia. Nilichoona aibu ni kwamba alikuwa na haki. Mtu yeyote ambaye angesoma ile karatasi angesema hivyo. Nikamwambia tu kwamba kesho tunaanza saa mbili na nusu, na akitaka aje akae aone.

Alikuja kweli, amevaa sare. Akakaa kwenye benchi la nyuma, magoti yakimfika kifuani. Nilifundisha kama siku zote. Katikati ya hesabu za kutoa, binti yake akabishana na mwenzake. Mwenzake alidai jibu lake ndilo sahihi, naye akamwonyesha hatua kwa hatua alipokosea, kisha akamtania kwamba kichwa chake kina uji. Wenzao wakacheka. Sajini aliinuka nusu kutoka kwenye benchi, akaketi tena. Akaniuliza wanasema nini, nami nikamfasiria. Hakuwa amewahi kumwona mtoto wake akizungumza na mtu.

Watoto walipotoka kwenda kula, yeye alibaki. Alishika kofia yake mikononi akaniambia kwamba mwezi ujao kikosi chao kinapelekwa nje ya nchi, mwaka mmoja. Mara ya mwisho alipoondoka, mtoto alimtafuta siku nyingi, akawa anakwenda mpaka kwenye geti la kambi na kusimama hapo, na mama yake hakujua afanye nini ili aelewe. "Mimi nataka kuambia yeye kwamba naenda, na nitarudi," alisema. "Wewe fundisha mimi."

Nilimfundisha ishara tano, na nikatoa kalenda ukutani tuhesabu miezi. Vidole vyake vilikuwa vigumu, na alirudia kila ishara kama mtu anayejifunza kufungua bunduki na kuifunga. Halafu tukatoka uani. Alipiga goti mbele ya binti yake akamwambia mwenyewe. Mtoto alimtazama mikono, akatazama kalenda, akamwuliza kitu. Sajini akanigeukia.

"Anauliza kama utakuwa peke yako," nikamwambia.

"Ambia yeye tuko wengi."

"Mwambie mwenyewe," nikasema, nikamwonyesha jinsi ya kusema wengi. Akasema. Mtoto akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akaenda kula.

Kabla sajini hajaondoka nchini kulikuwa na mkutano wa wazazi. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, nikiogopa atanisema, na alinisema. Aliwaeleza wazazi wote kwamba anayefundisha madarasa matatu ya watoto wao ameandikwa mpishi, na kwamba shule ina mwalimu mkuu na mwalimu mmoja tu. Sijasahau alivyomaliza: "Kwa jeshi, kama koplo anafanya kazi ya kapteni, unampa cheo ama unaleta kapteni. Hapa hakuna hata moja." Wazazi wakaandika barua kwa ofisi ya elimu kule Kamukuzi. Waliojua kuandika waliweka sahihi, wengine dole gumba. Mwalimu mkuu alijua barua hiyo inaweza kumponza yeye kwanza. Aliisoma mara mbili akaweka sahihi yake chini.

Mkaguzi alikuja baada ya miezi kadhaa. Alikuwa mtu mpole, aliyevaa miwani, na aliuliza maswali mazuri. Mwalimu mkuu hakumficha kitu. Mkaguzi akaandika kwamba shule ya namna hii haiwezi kupimwa kwa hesabu ya shule za kawaida, akaandika pia kwamba inahitaji ngazi za vyeo ili walimu wasiikimbie. Halafu akavua miwani akaniambia kwamba sheria haimruhusu kuniacha darasani. Nisirudi humo mpaka niwe na karatasi.

Kwa hiyo, muhula mzima nilikuwa mpishi kweli. Nilikata kuni, niliosha masufuria, na saa za masomo nilikaa kule nyuma ya jiko ambako dirisha la darasa halionekani. Mwalimu aliyebaki alifanya alichoweza. Mpishi mwenzangu alinipa kazi nyepesi na hakunitania hata mara moja muhula ule, jambo lililonifanya nijue sura yangu ilikuwaje.

Muhula uliofuata aliletwa mwalimu mpya. Ofisi ilikuwa imeipa shule nafasi moja ya mwalimu mwandamizi, na aliyeijaza alikuwa binti wa miaka ishirini na minane hivi, mzaliwa wa Ngarama karibu na mpaka wa Tanzania, na Kiswahili alikijua. Alikuwa na vyeti vizuri. Ishara hakujua hata moja. Nakiri kwamba nilimwonea wivu tangu siku aliyoshuka na sanduku lake.

Baada ya wiki mbili alikuja jikoni mchana, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya matoke pamoja nami. Alimenya vibaya, akitupa nusu ya ndizi na ganda. Mwishowe akasema, "Mama, leo nimesimama mbele yao tangu asubuhi. Hakuna aliyenielewa hata mmoja. Nifundishe."

Nilimenya matoke mawili, matatu. Nilikuwa na jibu la uchungu mdomoni. Kisha nikafuta mikono nikamwonyesha ishara ya matoke. Tulianzia hapo, na kila mchana kwa miezi minane tulikuwa jikoni, yeye akiuliza, mimi nikionyesha, mpishi mwenzangu naye akijifunza bila kuombwa. Jioni mwalimu yule alinisaidia barua. Kwa njia ya mapadre tulimpata sista mmoja mzee aliyenifahamu, naye akaandika kuthibitisha kwamba nilifundisha kwao na kwamba cheti changu alikuwa amekiona. Barua ilikwenda Kampala, ikarudi ikitaka nyingine, ikaenda tena. Mwisho walisema nikasome miaka miwili wakati wa likizo, nifanye mitihani ya Uganda; mihula nikabaki jikoni. Nilikuwa nimekaribia miaka arobaini, na darasani niliketi na vijana walioniita Mama na kunakili mazoezi yangu.

Sajini alirudi salama. Ishara alikuwa amezisahau karibu zote, na binti yake akamfundisha upya uani, akimpiga mkono kila alipokosea.

Nilifaulu. Nikaandikishwa mwalimu katika daraja la chini kabisa, na mwalimu niliyemfundisha ishara alikuwa sasa naibu mwalimu mkuu, cheo kipya shuleni kwetu, kazi yake mojawapo ikiwa kukagua maandalio yangu ya masomo. Mara ya kwanza aliyarudisha na mstari mwekundu. Nilikasirika siku nzima. Usiku niliyasoma tena nikaona alikuwa sahihi, nilikuwa nimeruka hatua, nikayaandika upya.

Nilikwenda Nakivale kumwambia mama. Alikuwa ameshazeeka, na alinisikiliza huku akinitafutia mahali pa kukaa. "Sasa ndiyo banakuita mwalimu?" akauliza. "Na ile miaka yote balikuwa banakuita nini?" Kumbe kanisani hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba naitwa mpishi.

Muhula uliofuata tulipokea watoto wapya wanne. Wa kwangu alikuwa msichana wa miaka saba kutoka Bwizibwera, ambaye baba yake hupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Siku ya kwanza alijikunja chini ya meza akakataa kutoka. Nilijaza kikombe maziwa jikoni, nikaketi sakafuni karibu naye, nikamfanyia ishara ya kukamua. Alitazama mikono yangu. Kisha mkono mmoja ukatoka chini ya meza, ukakamua hewa mara mbili, nami nikampa kikombe.