Ukili wa Dada

Watu walimwita Mwalimu, ingawa yeye mwenyewe alijua kusoma akiwa mama mzima. Alifundisha kusuka ukindu katika ukumbi wenye viti vya chuma, na kila siku alianza kwa kuwaondoa wanafunzi vitini.

"Shukeni chini, mkae ubavuni kwangu. Mkinikabili uso kwa uso mtasuka kinyume."

"Mwalimu, magoti yangu yameota kutu," alilalama fundi cherehani, mwanamke mnene asiyeishiwa maneno.

"Yapake mafuta, mwanangu. Keti."

Tuseme kweli, wengi walikuja kupiga picha. Walisuka kidogo, wakajisifu sana, wakarudi kulalia mikeka ya plastiki inayonuka mafuta ya taa. Zamani binti alijua kuchana ukindu kabla hajajua kusuka nywele, na nyumba nzima ilinukia majani mabichi. Leo ukiyasema hayo unaambiwa umezeeka.

Mwalimu hakumfukuza mtu, maana alikuwa na lake moyoni. Tangu usichana, yeye na dada yake walitengeneza mkeka mmoja kwa mikono ya wawili. Dada alisuka ukili, ule mkanda mrefu mwembamba, naye Mwalimu akauzungusha na kuushona. Huyu akichelewa, yule alingoja, wakitaniana hadi chai ikapoa. Dada akafariki mkeka wa mwisho haujatimia. Ukili wake ulibaki umefungwa kitambaani, pamoja na chane za ukindu alizokwisha kuziandaa.

Mwalimu angeweza kuumalizia mwenyewe, lakini mkono wake ulikuwa mlegevu, na wa dada ulikaza. Kiraka kingeonekana. Ndiyo maana kila mwanafunzi aliyeingia ukumbini alitazamwa vidole kabla ya uso.

Kumbe mkono aliousaka ulikuwa wa yule msemaji! Fundi cherehani alibana kila msuko kwa kidole gumba bila kuambiwa, vilevile kama marehemu. Mwalimu alimwalika nyumbani, akafungua kitambaa, akalowesha chane.

"Endeleza hapo."

"Huu wa nani?"

"Wa dada yangu. Hayupo."

"Mh! Nikiuharibu je, Mwalimu?"

"Utafumua, usuke tena. Usinitie hofu na mimi."

Fundi akasuka kutwa nzima, mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Mwalimu akamfuata kwa sindano, bega lake likigusana na bega la mtu, kama zamani. Kuna wakati aliinua kichwa aseme "dada", akalimeza neno.

Jioni mkeka ukatimia. Fundi akapiga kigelegele, akajinyoosha mgongo, akaaga.

Mwalimu alipobaki peke yake, aliutandika mkeka sakafuni, akapiga magoti. Akapitisha vidole juu ya ukili, polepole, akitafuta mahali dada alipoishia. Hakupaona. Akafumba macho, akarudia kutoka mwanzo. Msuko ulikwenda umekaza, sawasawa, mpaka ukingoni.

Alikuwa amepata alichokitaka. Akabaki vilevile, mkono hewani, hajui auweke wapi ili aguse kazi ya dada yake peke yake.