Ndoo Chini ya Sinki la Fundi

Mtaa mzima ulimwita Mama Geuza, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka thelathini ya cherehani, na hakuwahi kuiamini nguo kwa uso wake. Ukimtembelea na gauni jipya, salamu hazijaisha keshalipindua pindo anatazama mshono wa ndani. "Nje kila mtu muungwana," alipenda kusema.

Sasa alikuwa anatafuta fundi bomba, na ole wao mafundi bomba! Mama yake mzazi alikuwa ameteleza kwenye bafu la uani huko alikokuwa akiishi peke yake. Alibembelezwa wiki mbili ndipo akakubali kuhamia kwa binti yake, kwa sharti moja: "Nitakuja nikiweza kuoga mwenyewe, mlango nimefunga. Mimi si mtoto wa kuogeshwa." Kwa hiyo maji yalitakiwa yaingie kwenye bafu dogo kando ya chumba alichotengewa kabla ya Jumamosi, la sivyo bibi angebaki kule kule, na safari hii angevunjika kiuno.

Fundi wa kwanza alikwenda kununua koki, na hadi leo bado ananunua. Wa pili alifunga kiungo kwa mpira wa baiskeli. Mama Geuza akapapasa nyuma ya bomba, akaugundua, akamtimua.

Wa tatu alisifiwa na jirani. Kusifiwa tu? Thubutu! Mama Geuza akaulizia anapokaa, akaenda asubuhi fundi akiwa kazini. Mke wa fundi akamkaribisha jikoni. Mgeni hakuketi, aliinama moja kwa moja chini ya sinki. Lahaula! Ndoo, na maji yanadondoka ndani yake, tone kwa tone.

"Mwanangu, mumeo si fundi bomba?"

"Ndiye, mama. Na ndoo hii naimwaga mara tatu kwa siku." Mke alishika kiuno. "Kila akishika spana, simu inalia. Nyumba aliyoimaliza mwaka juzi, wamesikia bomba linakohoa, huyo mbio! Namwambia, hao si mlishamalizana? Ananijibu, kazi ile ni yangu. Na mimi je, ni wa nani?"

Mama Geuza alijiinua, hukumu iko mdomoni. Mke wa fundi akamwahi.

"Samahani, mama. Na wewe si fundi cherehani?"

"Wa miaka thelathini!"

"Mbona kwapa limefumuka?"

Akainua mkono. Tundu la kupita vidole vitatu, na pini mbili zimelishikilia tangu mwezi uliopita. Siku zote nguo za watu mezani, yake lini? Aliona haya mpaka masikio yakawaka, kisha kicheko kikamtoka. Mke wa fundi alicheka hadi akashika ukingo wa sinki.

"Mganga hajigangi," alisema Mama Geuza akijifuta machozi. "Mwambie aje kesho. Lakini leo aanze na hapa, ama sitamfungulia mlango."

Fundi akaja. Kila kiungo kilipapaswa kwa nyuma, na siku ya pili alikuwa anamwita mwenyewe: "Mama, njoo ugeuze." Akauliza kimo cha bibi, akamsimamisha Mama Geuza amejikunja kama kikongwe, akapima mahali pa kufunga chuma cha kushikia. Chuma hicho hakuna aliyekuwa amemwagiza.

Jumamosi bibi akafika. Akakitikisa chuma kwa mikono miwili, akafungua na kufunga koki, akapapasa nyuma ya bomba. Hapo ungejua binti kaitoa wapi tabia.

"Fundi huyu mlimwaminije?"

"Kwake kulikuwa kunavuja, mama."

Bibi akaguna, akaingia, komeo likalia. Maji yakaanza kumwagika. Mama Geuza alibana pumzi, sikio limegandana na mlango. Aliogopa kusikia kishindo.

"We mtoto, toka hapo mlangoni!" sauti ilitoka ndani, nzima kabisa. "Na kwapa hilo ukalishone!"