Taa Isiyozimika

Fundi simu alikuwa na mahubiri yake, na wateja walishayakariri. "Usichaji juu ya godoro. Betri ikivimba usiibonyeze, niletee. Na usiiache kwenye chaji ukaondoka zako." Walimtania kwamba amekosa kanisa, naye akicheka nao. Betri mbovu alizifukia kwenye ndoo ya mchanga, na kibandani pake hakuna aliyewahi kuungua.

Lakini mganga hajigangi. Nyumbani aliunganisha seli kumi na mbili za betri alizochomoa kwenye kompyuta mpakato mbovu, ili mkewe, msusi aliyefanyia kazi sebuleni, awe na mwanga hata umeme ukikatika. Taa ikawa inajizima kila mara. "Baba watoto, nimesuka nusu kichwa, giza. Mteja aende hivyo?" Basi fundi, kwa kumpenda, akakikata kile kibao kidogo cha kinga kinachozima seli zikipata moto. "Nimeirekebisha," akamwambia. Taa haikuzimika tena, na akasifiwa mpaka kwa majirani.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, msusi alisikia mlio chini ya kochi, zilipowekwa zile seli, kama wa mafuta yanayokaanga. Kitindamimba wao alikuwa amelala juu ya kochi hilohilo. Mteja aliyekuwa akisukwa alimnyakua mtoto. Msusi akalikumbatia lile dude linalowaka kwa mikono miwili, akakimbia nalo hadi uani.

Mtoto hakuungua hata unywele. Vidole vya mama yake vilipona vimekunjamana, havishiki hata kitana. Wateja wakipita, anawaambia waje wiki ijayo. Wenyewe wanajua, naye anajua kwamba wanajua.

Sasa kila asubuhi fundi humfunga mkewe vifungo vya gauni, kwa vidole vilevile vinavyokamata skrubu ndogo kama sisimizi. Jambo la kibao hajalitamka kwa mtu yeyote. Kila siku hujiapiza kwamba leo atasema, na kila siku humaliza vifungo akaenda zake kibandani.

"Kosa ni langu," mkewe alimwambia jana, akitazama ukutani. "Nilikusumbua mno na ile taa. Ningelivumilia giza, saa hizi ningekuwa nasuka."

Fundi alikuwa amefika kifungo cha nne. Alijua hapo ndipo pa kusema.

"Usijilaumu sana," akasema, akafunga cha tano.