Saa Ambazo Sikuwa Langoni

Tarehe kumi na mbili mwezi wa sita mwaka jana, siku ya Alhamisi, nilimpoteza mke wangu. Ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri, katika hospitali iliyo karibu na Barabara ya Ngong. Mimi nilikuwa Lavington, napakua vigae vya sakafu.

Mimi ni dereva wa lori. Tunabeba vifaa vya ujenzi, na kila safari ina karatasi yake yenye mistari mitatu: saa ya kufika langoni, saa ya kuanza kupakua na saa ya kumaliza. Anayepokea mzigo husaini kila mstari. Muda ulio kati ya mstari wa kwanza na wa pili ndio wa kungoja, na ukizidi saa mbili mteja hutozwa. Wenzangu wengine humwomba soja, mlinzi wa lango, asaini mistari yote ikiwa tupu, kisha wanaijaza baadaye wakinywa chai, na saa mbili zinageuka kuwa nne. Mimi sijawahi. Niliacha shule darasa la saba na sina mengi ya kujivunia, lakini nikiandika saa tatu, ilikuwa saa tatu. Mke wangu alipenda kuwaambia hivyo majirani zetu wa Waithaka. Mimi nilijifanya sisikii, ila nilisikia kila mara.

Siku hiyo nilifika saa mbili na dakika ishirini. Ilikuwa nyumba mpya inayojengwa nyuma ya ukuta mrefu. Soja, mtu wa makamo mwenye lafudhi ya magharibi mwa nchi, alinitazama kupitia kidirisha cha lango.

"Sijaambiwa kuna lori," alisema.

"Basi piga simu, mkubwa."

"Nimepiga. Fomeni wa ujenzi hashiki simu. Na hii lango haifunguliwi ovyo, dere. Hapa si soko la Gikomba."

"Nimeona. Hata ukuta wenyewe umeninunia."

Alicheka, akafunga kidirisha. Nikaegesha kando ya barabara, nikangoja.

Saa tatu na nusu shemeji yangu alinipigia simu kutoka hospitalini. Alisema dada yake ananiulizia. Mke wangu alikuwa amelazwa siku ya tisa, na daktari alikuwa amesema Jumamosi atatoka, kwa hiyo sikushtuka. Nilitamani tu kumwona. Nilifunga lori, nikachukua bodaboda, na sikumwambia mtu. Dereva haachi lori lenye mzigo. Kwetu hilo ni kosa la kusimamishwa kazi, nami nililijua wakati nikipanda ile pikipiki.

Nilimkuta ameketi, kitambaa kichwani, anakunywa uji.

"Lori liko wapi?" aliniuliza kabla ya salamu.

"Lavington."

"Na wewe uko hapa. Sasa ni nani anangoja?"

"Lori linangoja."

"Lori halijui kuandika, baba watoto."

Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatuuliza kama tunalipwa kwa kicheko. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilipoinuka alinishika mkono, akasema, "Enda kazini. Mimi siendi mahali."

Nilirudi saa sita. Lango lilikuwa wazi na soja amesimama katikati, mikono kiunoni.

"Dere, ulipotelea wapi? Nilifungua saa nne. Nimekuita mpaka mbwa wa jirani wakachoka kunijibu."

Vibarua waliokuwa tayari kupakua walikuwa wamengoja karibu saa nzima, kisha wakaenda kazi nyingine. Nilisema pole, sikueleza. Akaanza kutafuta wengine, na tulianza kupakua saa nane kamili.

Nusu ya maboksi yalikuwa chini simu ilipolia. Shemeji hakuweza kusema vizuri. Niliketi kwenye ngazi ya lori. Soja aliitoa simu mkononi mwangu, akasikiliza yeye, akanirudishia. Aliwageukia vibarua, akawaambia wafanye haraka, naye akavua koti akabeba maboksi pamoja nao. Walimaliza saa kumi na nusu. Kisha alifungua mlango wa lori, akachukua karatasi yangu, akasaini mistari yote mitatu ikiwa tupu.

"Enda, dere. Saa utajiandikia mwenyewe," alisema. "Wewe si mtu wa kunigeuka."

Asubuhi iliyofuata nyumba ilikuwa imejaa watu. Ilinibidi nipeleke funguo na karatasi ofisini, mjini, kwa hiyo niliketi uani kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaijaza. Mistari mitatu haikutosha. Niliongeza wa nne chini yake: "Lango lilifunguliwa saa nne. Dereva hakuwepo tangu saa tatu na nusu hadi saa sita. Vibarua waliondoka kwa sababu yake."

Bosi alinipa pole kwa moyo, akaagiza chai. Kisha akasoma.

"Huu mstari wa chini tuuondoe, mzee. Fomeni ameshamwambia mwenye nyumba ni soja aliyekataa kufungua. Soja ameshatumwa nyumbani. Tuandike ulingoja mpaka saa nane, mambo yaishe."

Alinisogezea karatasi mpya.

"Hiyo haina saini yake," nilisema.

"Saini ni mchoro tu."

"Si mchoro wangu."

"Ukiniletea hii, lazima nikusimamishe. Sheria ya lori lenye mzigo unaijua." Alishusha sauti. "Umefiwa jana. Nani atakulaumu?"

Nisiseme uongo: nilitaka kukubali. Nilikuwa na mazishi mbele yangu, na watoto, na mwili umechoka. Kalamu ilikuwa pale mezani. Lakini yule mtu alikuwa amesaini nafasi tupu akijua mimi ndiye nitakayeijaza, na kazi yake sasa ilikuwa ndani ya ile nafasi.

"Peleka hii hii," nilisema.

Bosi aliiangalia tena, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha ya mteja. Barua yangu ya kusimamishwa wiki tatu iliandikwa siku hiyo hiyo. Niliitia mfukoni mwa koti, na ndilo koti nililovaa kumzika mke wangu nyumbani kwetu. Nilisimama kaburini bila aibu hata moja ya kumficha. Katika maisha yangu yote sijasimama wima kama siku ile, na nilijua kama angekuwa hai, yeye ndiye angewaambia majirani, si mimi.

Siku ya nne baada ya mazishi simu ililia, namba nisiyoijua. Alikuwa soja.

"Dere, wameniita nirudi. Fomeni alisomewa karatasi yako mbele ya mwenye nyumba. Naingia zamu jioni."

"Vizuri," nilisema.

Nikasikia magari upande wake.

"Kumbe ile asubuhi ulikuwa umeenda kwake?"

"Ndiyo."

"Mlionana?"

"Tulionana. Tulicheka."

"Asante kwa Mungu," alisema, na salio lake likaisha.