Kwetu Kuna Kuhemea

Nafasi ilikuwa moja, sisi tulikuwa wawili. Serikali ya Mwingereza ilitaka mtu mmoja kutoka Tabora aende Uingereza kusomea shahada ya juu ya biashara ya kimataifa na sera za uchumi. Mimi na mwenzangu tulimaliza chuo Uganda mwaka mmoja, tukaajiriwa ofisi moja ya ushirika wa asali na nta, meza zetu zikitazamana. Yeye alikuwa mtoto wa Isevya, mjini, baba yake ana duka. Mimi mtoto wa Ipole, kijijini, mama yangu ana mizinga ya nyuki. Niliitaka safari ile kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote, na hesabu zangu zilikuwa nzuri kuliko zake. Hilo hata yeye alilijua.

Siku ya usaili niliitwa kwanza. Mzee wa Kizungu aliyekaa katikati alitaka nimweleze biashara ya kimataifa kama ningemweleza mkulima. Nikamwaga kitabu kizima. Nikasema habari za nchi moja kufuma nguo na nyingine kutengeneza mvinyo, mimi ambaye mvinyo nimeuonja kanisani tu, tena wa kulowesha ulimi. Wakatikisa vichwa kwa adabu. Nikatoka nikakaa barazani, karibu na dirisha lililoachwa wazi kwa sababu ya joto, nimsikie mwenzangu akijikwaa.

Hakujikwaa. Kiingereza chake kilikwenda kidogo, kikasimama, likatoka neno la Kiswahili.

"Kwetu sisi," alisema, "kuna kuhemea."

Akawaeleza kwamba njaa ikiingia, mtu habebi bakuli akaenda kuomba. Anabeba alichonacho, nta au jembe, anafuata njia ya zamani ya misafara mpaka kwa wenye mtama, wanabadilishana, anarudi na chakula na heshima yake. Taifa nalo linahemea kwa mataifa mengine. Nikasikia viti vikisogezwa karibu naye.

Kwetu! Kwetu wapi? Isevya, kwenye magunia ya mchele ya baba yake? Habari zile nilimpa mimi, mchana mmoja tukila viazi, nikimsimulia jinsi mama alivyotoka Ipole amenibeba mgongoni mpaka Nzega kuhemea. Njaa ilikuwa yangu, mgongo ulikuwa wa mama yangu, na safari akapata yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Ofisini walipomtania kwamba anakwenda kuhemea elimu Ulaya, nilicheka nao, meno nje, moyo unachemka. Nilimwonea wivu hata viatu vyake vipya.

Kibaya zaidi, kabla ya kuondoka aliomba nimpeleke Ipole akamuage mama. Ningekataaje?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiwe unayekwenda kwa Wazungu?"

Akamwekea asali ya masega, ile ambayo mimi huipata nikiwa na homa. Nilikaa pembeni nimenuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwenzangu akaanza kuuliza. Ndivyo alivyo, mdomo wake hautulii.

"Mama, kule Nzega mlibadilishana nini kwa nini?"

"Nta kwa mtama."

"Ikatosha?"

"Haikutosha, baba. Mwaka ule kila mtu alikuwa na nta. Nikaongeza jembe."

"Likatosha?"

Nilitaka kumwambia anyamaze, amwache mama apumzike. Mama alilamba asali kidoleni, akatazama mlangoni.

"Huyu wa mgongoni alikuwa mdogo mno," alisema, akininyooshea kidole bila kunigeukia. "Wenye mtama wakamtaka yule aliyekuwa anatembea, dada yake. Walikuwa watu wema, wenye ng'ombe. Nikawaachia. Nikarudi na mtama wa kutufikisha mavuno."

Mwenzangu akaweka sega chini. Tangu nipate akili nilijijua mtoto wa pekee. Nilikuwa nimesimulia safari ile ofisini, chuoni, popote nilipotaka nionekane nimetoka mbali, na sikuwahi kumwuliza mama mzigo wake ulikuwa nini.

Nikamwuliza dada yangu aliitwa nani. Mama akalitaja jina, lakini alilitaja akimtazama mwenzangu, yule aliyeuliza kwanza.